Ukuta wa Chumba cha Mama

Mama alikubali kuja kukaa nasi Mabatini, hapa Mwanza, kwa masharti manne, na aliyataja kwenye simu akiwa Misungwi kana kwamba anaagiza vitu dukani. Chumba kiwe na paa lake. Kiwe na mlango wake wa nje. Kiwe na choo chake. Na ukuta utakaomtenganisha na sisi usiwe na tundu hata la panya kupita. Alipomaliza akakata simu bila kuaga, maana aliamini kuaga kwenye simu ni kupoteza salio.

Sikushangaa. Kwa watu wa kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hukaa mbalimbali. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, na kulala nyumba moja ni aibu. Mjini wengi wameacha mambo hayo, hata shangazi yangu mmoja hukaa sebuleni na mkwe wake wakitazama tamthilia. Mama hakuacha. Miaka yote ya ndoa yangu alikuwa akija kututembelea asubuhi na kuondoka kabla jua halijazama, na alipoingia kwa mlango wa mbele, mume wangu alikuwa ameshatoka kwa mlango wa nyuma. Naye alilelewa hivyohivyo, kwa hiyo hakuona ajabu. Salamu zao zilipitia kwangu, mama akimwita mkwewe baba. "Mwambie baba nimeshukuru kwa sukari." "Mwambie mama asijali." Mara nyingine zilikuwa hatua nne tu kati yao, pazia la mlango wa nyuma katikati, na mimi nimesimama nikirudia maneno ambayo kila mmoja ameshayasikia kwa masikio yake.

Kilichotulazimisha kujenga ni kuanguka kwake. Baba yangu alishafariki, kaka yangu wa pekee naye alishatangulia, na mama alibaki na kuku wake. Asubuhi moja presha ilimpanda akiwa kwenye mihogo nyuma ya nyumba, akaanguka, na aliyemkuta ni jirani aliyekuja alasiri kuazima jembe. Alilala juani karibu siku nzima. Aliponisimulia alicheka, akasema kuku walimzunguka wakidhani ameleta pumba. Mimi sikucheka. Tangu siku hiyo nilikuwa na jambo moja tu kichwani: mama asianguke tena mahali ambapo hakuna mtu wa kumsikia.

Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili na sebule, juu kabisa mlimani, kule ambako gari linaishia chini na kilichobaki ni miguu yako. Nyuma yake palikuwa na jiwe kubwa kuliko hiyo sebule, na chumba hakikuwa na mahali pengine pa kukaa ila pale lilipo. Mimi ni fundi cherehani. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea, anatengeneza mageti na madirisha ya chuma. Tofali hakuwahi kulipanga hata moja. Nilipomwambia tutafute mwashi alikataa. "Mama yako siwezi kumhudumia kwa lolote," alisema. "Siwezi kumpelekea hata kikombe cha maji. Chumba chake nitakijenga mimi."

Tulianza na jiwe. Mawe ya Mwanza hayaanzwi kwa nyundo, yanapikwa kwanza. Kila Jumamosi tulipanga magogo na mabaki ya mbao juu yake, tukawasha, tukaacha moto ule hadi jiwe lianze kulia ndani kwa ndani na kupasuka. Ndipo mume wangu akapanda juu na nyundo ya mpini mrefu. Jirani yetu wa chini, mama mmoja muuza dagaa, alipanda kuja kusema kwamba dagaa wake wanatoka na harufu ya moshi ambao hakuuomba. Tulimwomba radhi, tukamsaidia kuhamisha nyavu zake za kuanikia, na Jumamosi iliyofuata tukawasha tena. Miezi miwili ilikwisha hivyo. Vipande vya jiwe ndivyo tulivyojazia msingi.

Vipimo nilichukua mimi, kwa kuwa ndimi mwenye jicho la vipimo, na nikapima kwa futi kamba yangu ya kushonea. Hapo nikafanya kosa ambalo mwashi hata mlevi asingefanya. Mkono wangu umezoea kuacha inchi moja pembeni kila ninapokata kitambaa, na kwa kuwa kamba ile ni fupi, kila nilipoihamisha niliongeza inchi. Upande mmoja nikahamisha mara tatu, wa pili mara nne. Siku ya kufunga kona, kona ikakataa kukutana. Mume wangu alisimama na kamba mkononi, akauliza taratibu, "Mke wangu, umeacha nafasi ya mshono?" Tulicheka mpaka nikakaa kwenye rundo la mchanga. Msingi ulikuwa umeshakauka, tukajenga hivyohivyo, na hadi leo kitanda cha chumba kile hakikai sawa na ukuta.

Kosa lake yeye lilikuwa kinyume cha langu. Fundi chuma haamini kitu ambacho hakikuchomelewa. Mafundi wote mlimani huchanganya mfuko mmoja wa saruji kwa matoroli matano ya mchanga. Yeye alichanganya kwa matatu. Kila baada ya mistari miwili ya tofali alilaza nondo. Ukuta ule wa kutenganisha aliujenga kwa tofali zilizolazwa, unene mara mbili, ili hata kikohozi cha upande mmoja kisimwaibishe mtu wa upande wa pili. Nilimpandishia maji na tofali kichwani, nikichoka namsema.

"Unajenga jela?"

"Najenga chumba cha mama."

"Mama anataka chumba au anataka handaki?"

"Nipe tofali," alisema.

Dirisha alilitia nondo nene. Mlango akautengeneza wa chuma, na kwa kuwa mama alizoea kuegemeza gogo mlangoni kule Misungwi, alimtengenezea komeo la ndani. Lile komeo alilifanyia kazi siku mbili nzima. Alilikunja, akalisugua kwa msasa, akalipaka grisi, ili mkono wa mama mwenye vidole vilivyovimba usipate shida. Aliponionyesha jinsi linavyoteleza bila sauti, nilimpenda upya, na nilimwambia.

Mama alifika siku chache kabla ya mvua za masika. Mume wangu alikwenda kazini mapema siku hiyo ili asikutane naye njiani. Mama alizunguka chumba, akafungua bomba, akakaa kitandani, akasimama, akaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole kama anavyopima vyungu sokoni. "Mwambie baba ukuta ni mzuri," alisema.

Kilichofuata sikukitegemea. Asubuhi ya tatu nilikuwa jikoni nachemsha chai, mume wangu chumbani kwetu anafunga viatu, na mama akakohoa upande wa pili; unene wote ule haukukizuia kikohozi. Nikasikia ukuta ukigongwa mara mbili, halafu sauti ya mume wangu, kubwa kidogo, "Shikamoo mama."

Nilizima jiko, nikatega sikio.

"Marahaba, baba," mama akajibu, kwa mbali lakini ikasikika. "Umeamkaje?"

Kumbe ukuta uliowatenganisha ndio uliowaruhusu. Macho hayakuonana, sahani hazikukutana, hakuna mwiko uliovunjwa. Tangu siku hiyo kila asubuhi aligonga mara mbili, akatoa shikamoo, na baada ya shikamoo wakaongea. Waliongea mvua, ng'ombe, na mpira wa redioni, ambao mama aliusikiliza bila kuelewa na bila kukosa. Nilimsikia mume wangu akimweleza kuotea ni nini, kupitia ukuta wa tofali za kulala, kwa subira ambayo mimi sijawahi kuipata kwake. Kazi yangu ya kupeleka salamu ikaisha. Nasema kweli, niliona wivu. Miaka yote nilikuwa daraja kati yao, na sasa walivuka bila mimi.

Wiki za mvua zilipopamba moto, umeme ukawa unakatika kila mara. Asubuhi moja umeme haukuwepo tangu alfajiri. Mume wangu aligonga mara mbili.

"Shikamoo mama."

Hakujibiwa. Akagonga tena, kwa kiganja. Nikaweka sufuria chini na kutoka nje, nikazunguka kwenye mawe yanayoteleza hadi mlangoni kwake. "Mayu," niliita, kama nilivyokuwa nikimwita utotoni. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Nikaenda dirishani. Pazia nililishona mwenyewe, zito, lenye bitana, kwa sababu alisema hataki kuchunguliwa. Nikaokota fimbo, nikaipitisha kwenye nondo, nikalisogeza pazia pembeni. Niliona miguu ya mama sakafuni, mmoja una kandambili, mwingine hauna. Mguu wenye kandambili ukatikisika kidogo.

Nilipiga kelele. Mume wangu alikuja mbio na grenda ya kukatia chuma mkononi, waya unaburuzika kwenye matope. Alikuwa ameshapiga magoti mlangoni, usawa wa komeo, ndipo akakumbuka kwamba umeme haupo. Alibaki ameishika vile. Kisha akauvuta mlango, akausukuma kwa bega, akaupiga kwa mguu. Haukutikisika. Nondo za dirisha ndiyo kabisa. Nilimwona mume wangu akishindwa na kazi ya mikono yake mwenyewe, na badala ya kumhurumia nikamwambia, "Umemjengea mama yangu kaburi."

Neno hilo lilitoka kinywani mwangu. Nimeliombea msamaha mara nyingi na amenisamehe, lakini nalikumbuka.

Mume wangu aliingia uvunguni mwa tangi la maji, akatoka na ile nyundo ya kuvunjia jiwe, akaenda chumbani kwetu. Alisukuma kitanda chetu hadi mlangoni. Akaniita kwa sauti kupitia ukuta, "Kichwa cha mama kiko wapi?" Nikamjibu kutoka dirishani kwamba kiko upande wa choo. Akachagua kona ya mbali na kichwa, chini kabisa, akaanza kupiga.

Ukuta wa mtu mwingine ungeanguka kwa mapigo matano. Huu uliirudisha nyundo. Jirani wa dagaa alishapanda kuona kuna nini, akageuka kwenda kutafuta gari chini barabarani. Mimi nilibaki dirishani kwenye mvua, nimeshika fimbo yangu, nasema na mama maneno ambayo siyakumbuki. Kilichokuwa kikiniumiza ni kwamba jambo nililoliogopa tangu Misungwi lilikuwa linatokea mbele yangu. Ameanguka, na safari hii tunamsikia, na hatuwezi kumfikia. Kila nyundo iliponyamaza nilisikia mume wangu akihema na kusema, "Mama, nakuja." Halafu nyundo ikaanza tena. Alipofika kwenye nondo alizozilaza mwenyewe, alizipinda moja moja kwa mikono na bomba la chuma. Sijui ilichukua muda gani. Chai niliyoiacha jikoni niliikuta imepoa kabisa.

Tundu lilipofikia upana wa beseni, aliingiza kichwa na mabega. Mama alikuwa amelala ubavu, uso umeelekea kwenye tundu, mdomo umepinda upande mmoja. Wakaonana. Niliyaona macho ya mama, na niliona mkono wake mzima ukitafuta pindo la khanga ili ajifunike uso. Pindo lilikuwa limelaliwa, mkono haukulifikia. Mume wangu naye aliona. Akafumba macho. Hivyo hivyo, nusu yake ndani na nusu nje, vumbi kichwani, macho yamefumbwa, akasema, "Shikamoo mama."

Ulimi wa mama ulikuwa mzito. "Marahaba, baba," alisema.

Akajipenyeza hadi ndani, hakufumbua macho. Alipapasa ukuta wake, tofali kwa tofali, akapita choo, akapita meza, akafika mlangoni, akavuta lile komeo. Liliteleza bila sauti. Niliingia nikamkuta amegeukia mlango, amempa mama mgongo.

"Mwambie mama nataka kumbeba," alinong'ona.

Nikamwambia mama, ingawa alikuwa miguuni petu. Mama akavuta pumzi. "Mwambie anibebe," alisema. Nilimfunika uso kwa khanga, mume wangu akainama, nikampakia mgongoni kwake, nikawafuata kushuka mlima jiwe kwa jiwe. Mikono ya mume wangu ilikuwa inatoka damu na sikuwa nimeiona mpaka tulipofika kwenye gari.

Mama alikaa hospitali wiki tatu. Daktari alisema tumemfikisha bado pana nafasi, na kwamba wengine hufikishwa jioni. Aliporudi mkono wa kulia ulikuwa mzito na maneno yake yalitoka moja moja, lakini akili ilikuwa ileile, na masharti yaleyale. Tundu nilikuwa nimelifunika kwa kitenge. Mume wangu hakuwa na ujasiri wa kuligusa.

Na waliacha kuongea. Asubuhi mume wangu alifunga viatu kimyakimya, akatoka. Mama upande wa pili alikohoa, akanyamaza. Mwanzoni nilidhani ni ugonjwa. Baadaye nikaona kwamba tangu waonane hakuna aliyejua pa kuanzia. Mwiko ulivunjika kwa sababu ya uhai, hakuna wa kulaumiwa, lakini ulivunjika, na wote wawili waliona haya. Nikarudi kwenye kazi yangu ya daraja. Mwambie baba. Mwambie mama. Nilikuwa nimeionea wivu kazi hiyo ilipotoweka, na sasa iliponirudia niliichukia.

Siku moja nikimpaka mafuta, mama alisema, "Hili tundu linanitazama. Mwambie baba aweke mlango."

"Mlango, mama? Si azibe tu?"

"Akiziba, nikianguka atavunja tena. Mikono yake haijapona." Alipumzika kidogo. "Aweke mlango. Ufungukie huku kwangu. Komeo asiweke."

Nilipompelekea ujumbe, mume wangu alikaa chini kabisa, akajifunika uso kwa mikono yake yenye bandeji, akalia. Kisha akaamka akaenda kutafuta mbao. Alilikata tundu likawa la kupita mtu, akamwagia linta, boriti ya zege, juu yake, akaupachika mlango wa mbao nyembamba. Ulikuwa mlango wa kwanza maishani mwake ambao mtu angeweza kuuvunja kwa bega. Niliusukuma kwa kidole kimoja ukaenda.

Asubuhi iliyofuata aligonga ubao mara mbili. "Shikamoo mama."

"Marahaba, baba," mama alisema. "Jana nani alishinda?"

Aliishi nasi mwaka mmoja na zaidi kidogo. Mlango ule mimi niliupita mara ishirini kwa siku, mume wangu hakuupita hata mara moja. Asubuhi ya mwisho aligonga mara mbili, akatoa shikamoo, akasubiri. Safari hii hakugonga tena wala hakukimbilia nyundo. Alikuja jikoni akanishika bega, akasema, "Ingia wewe." Mama alikuwa kitandani, mkono juu ya redio, amelala kwa namna ambayo hakuhitaji mtu. Tulimzika Misungwi pembeni ya baba, na mume wangu alitengeneza msalaba wa chuma, mwepesi.

Chumba kina mwanga mzuri wa asubuhi, kwa hiyo nimehamishia cherehani yangu humo. Mume wangu hawezi kuingia bila kugonga. Anajua ni mimi, ananisikia nikishona, na bado anagonga mara mbili na kusimama. Mwanzo nilimwambia aingie tu, kisha nikaacha. Juzi asubuhi alikuwa anafunga viatu upande wa pili, akagonga ubao, na ulimi ukamponyoka.

"Shikamoo mama."

Nilijua amesimama pale ameona haya. Mguu wangu ulikuwa juu ya pedali, sindano katikati ya mshono wa sare ya mtoto wa mtu. Mume hampi mkewe shikamoo, na mke haiitikii. Nilimwacha asubiri kidogo, kama mama alivyomfanya ile asubuhi ya tatu.

"Marahaba, baba," nikasema. "Umeamkaje?"

Hakuingia. Nikasikia kitanda chetu kikilia alipokaa, na mimi nikakaa upande wangu, sikuufungua mlango.